Wimbo wa Nune kwa Zumari

Jumatano, 7 Septemba 1983

Kinyaa! Mkrtich, baba wa bwana harusi, kaniita mkahawani nisikilize bendi ya harusi ya Jumamosi. Wanapiga nini? Wimbo wangu! Wimbo wa Nune, mke wangu, niliomtungia akiwa kitandani, hata supu haipiti. Wimbo wa taratibu, wa piano tu. Hawa wameutia zumari na ngoma! Mwimbaji analia kama mbuzi anayechinjwa, watu mikono juu, wanazungusha leso. Mkrtich, mafuta yanamchuruzika kidevuni: Mkwe, Yerevan nzima inautaka! Ndio utakaomtoa binti nyumbani!

Nyama ilinishinda. Nimepiga mswaki mara mbili, bado nasikia yale mafuta.

Alhamisi, 8 Septemba

Nimemwambia binti yangu Shoghik: wimbo ule ukipigwa, sitoki chumbani. Kaendelea kukunja mikate myembamba ya lavash. Dada yangu Arpenik ndiye kanivaa. Ati mtoto hana mama, na baba naye anasusa? Nitaachaje kususa! Marehemu hachezewi leso.

Ijumaa, 9 Septemba

Shoghik kaja, kasimama karibu na piano.

Baba, usimchukie baba mkwe. Mimi ndiye niliyeuomba.

Wewe!

Mama alikuwa akiucheza, kasema. Siku akiamka na nguvu, wewe uko studio. Anauharakisha, anagonga sufuria kwa mwiko, tunacheza jikoni wawili. Alisema ukiupiga wewe, anajiona yuko jenezani tayari.

Uongo! Nune? Na sufuria? Miaka sita nimeupiga ule wimbo kila Jumapili, machozi yananitoka, na huyu mtoto anacheka moyoni!

Nimefunga piano. Kinyaa bado kipo. Sijui ni kwa nani.

Jumamosi, 10 Septemba

Upande wa bwana harusi wamekuja na bendi yao. Zumari linapasua ngazi za ghorofa. Majirani wote wako nje, wanapiga vigelegele. Nimejifungia.

Kwetu bibi harusi havuki kizingiti mpaka baba yake anyanyue glasi amtakie heri. Na bendi hainyamazi mpaka avuke. Basi wanaurudia. Wanaurudia tena! Jasho la wapiga zumari nalinusa hadi humu.

Arpenik anagonga mlango: Kaka, mtoto amesimama na shela yake, huna huruma? Mkrtich ananguruma kwamba kanisani padri anasubiri.

Sasa kuna anayegonga sufuria. Ni Shoghik, mkono wake naujua.

Sufuria iko sawa. Iko sawa kabisa! Mpiga ngoma ndiye anayeboronga, mpumbavu, anawahi kabla mstari haujaisha, anampoteza mtoto. Tena! Ptuu! Nani kamfundisha huyu?

Konyaki iko wapi? Glasi?

Natoka. Si kucheza! Namnyang'anya tu ile ngoma nimwonyeshe pale mwishoni mwa mstari, Nune anapo—