Mara ya Pili Kuacha Sukari

Mama Magesa,

Mwaka na miezi kadhaa imepita tangu tukulaze kaburini Butiama, nami sijakuandikia hata mstari mmoja. Ulizoea kusema kwamba barua zangu zinanuka chaki. Kwamba hata nikiuliza hali ya ng'ombe, naandika kama mtu anayesahihisha mtihani. Basi nivumilie. Nimekaa barazani hapa Kigera, ni asubuhi, na kikombe cha chai kipo mbele yangu. Kabla sijakinywa ni lazima nikueleze namna kilivyofika hapa.

Neema, yule binti wa Bunda uliyemsifu siku ya posa kwamba hukaa kimya bila kununa, alipata mimba. Magesa yuko Mwanza katika kiwanda cha minofu ya sangara, na huja nyumbani mara moja kwa mwezi. Kwa kuwa wewe hupo, nilimwita dada yangu Nyasatu aje kukaa na mkwe wetu. Unamjua wifi yako. Alishuka kwenye basi na debe la unga wa muhogo wa udaga, kuku wawili, na imani yake kwamba mjamzito hula kwa niaba ya watu wawili, na kwamba mmoja wa hao wawili ameshinda na njaa siku nyingi.

Mimba ilipoingia mwezi wa sita, Neema alitakiwa kupimwa mkojo kliniki. Heshima zetu unazijua: baba mkwe hampi mkwe wake mkono, haingii jikoni mwake, wala hamtazami akila. Nilimsindikiza nikiwa nimetangulia hatua kumi, nikakaa nje na gazeti langu. Muuguzi akatoka. Nilimfundisha darasa la tano; sasa ni mama mzima mwenye miwani.

"Mwalimu, ingia. Leo ni zamu yako kusikiliza."

Nikamwambia kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Akanijibu, "Mume yuko Mwanza, mama mkwe ni marehemu, shangazi anasema mimi ni mtoto mdogo. Nimwambie nani sasa, mlango?"

Nikaingia, nikasimama nikiutazama ukuta. Akaniamuru nigeuke. Alichanganya ule mkojo na dawa ya bluu, akauchemsha juu ya moto wa spiriti. Bluu ikawa kijani, kijani ikawa njano, na njano ikaendelea hadi rangi ya tofali lililochomwa, alama ya sukari nyingi. Kesho yake wakampima na damu kabla hajala, na jibu likawa lile lile. Muuguzi akanieleza kwamba ni ugonjwa wa sukari unaoletwa na ujauzito wenyewe. Mara nyingi huondoka mtoto akishazaliwa, lakini ukiachwa, mtoto hunenepa tumboni kupita kiasi, na kuzaliwa kwake huwa kwa hatari. Ugali usizidi ngumi ya mlaji. Mboga za majani zijaze nusu ya sahani. Samaki au maharage yawepo. Asikae na njaa, bali ale kidogo kidogo mara sita kwa siku. Chai na uji visitiwe sukari, soda asiiguse, na kila akimaliza kula atembee.

"Nawapa wiki mbili za chakula," akasema. "Chakula kikishindwa, tutamlaza tuanze sindano."

Mimi nilikuwa nimebaki kwenye lile neno lake, kwamba mtoto hunenepa. Nilikaa kitini bila kukaribishwa.

Unajua nilimkumbuka nani. Miaka ile ya foleni, nikiwa mwalimu mkuu pale Bunda, sukari ilipatikana kwa kibali, na wiki nyingine hata kwa kibali haikupatikana. Nilipoipata, nilikuletea yote. Mimi nikanywa chai isiyo na sukari, nikijivuna moyoni kwamba hakuna mjamzito Bunda nzima anayekunywa uji mtamu kama wa mke wangu. Ulikuwa na kiu isiyokatika, nami nikakuongezea uji. Mkunga alisema hajawahi kuona mabega mapana kama yale. Mtoto alikwama. Alipotoka, hakulia.

Hakuna aliyekupima. Dawa ya kupimia ilikuwa imekwisha, kama vitu vyote vilivyokuwa vimekwisha. Kwa hiyo sijui kwa hakika, na mtu aliyefundishwa vizuri hasemi asilolijua. Lakini nashuku, Mama Magesa. Uliondoka bila kunilaumu, nami sikuwahi kukuuliza.

Niliporudi nyumbani nilifanya ninachokijua: niliandika. Saa upande wa kushoto, chakula upande wa kulia, mistari yote kwa rula. Nikampa Nyasatu karatasi hiyo, nikamwambia mambo yote yamo humo. Wiki moja ikapita. Neema akapimwa tena, na rangi ikawa ile ile ya tofali. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nilisimama kwenye kizingiti cha jiko nikachungulia. Karatasi yangu niliiona. Nyasatu alikuwa ameikunja vizuri, akafunikia kopo la sukari ili sisimizi wasiingie.

Miaka thelathini na minane nimefundisha watoto wa watu kusoma, na dada yangu wa tumbo moja hajui hata irabu. Sikuwahi kufikiri juu ya jambo hilo hadi siku ile.

Nikamweleza kwa mdomo. Akanisikiliza, mikono kiunoni. "Kaka, mimi nilizaaga tisa, sikupimwaga mkojo hata siku moja. Miaka ile tulikuwa tunaililia sukari. Leo imejaa kila duka pale Iringo, ndiyo mnaikimbia?" Siwezi kusema kwamba hoja yake haikuwa na kichwa. Neema naye hakuwa na la kufanya. Mkwe hasukumi sahani aliyopakuliwa na shangazi wa mumewe. Ni sawa na kumtemea mate. Alimwambia muuguzi kwamba anakula huku machozi yanamlenga.

Ikabaki wiki moja. Nilikaa hapa hapa barazani nikafikiri wewe ungefanyaje. Wewe hukubishana na Nyasatu hata siku moja. Ulimzunguka.

Ndipo nilipokumbuka kwamba katika nyumba zetu hakuna anayepakuliwa zaidi ya mzee, wala anayekula kitamu kuliko cha mzee. Hiyo nayo ni heshima, na Nyasatu ndiye askari wake mkali. Asubuhi yake nikamtangazia kwamba nimekutwa na ugonjwa. Ugali wangu uwe ngumi moja, mboga nusu sahani, chai isitiwe sukari, nami nitakula mara sita.

"Ugonjwa gani huo wa kudonoa kama kuku?"

"Ugonjwa wa wazee," nikasema.

Mimi, niliyewachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko huo! Nyasatu alilia kidogo, kisha akatii. Ungemwona amesimama mlangoni, akiipima ngumi yangu kwa macho kabla ya kusonga ugali. Na kwa kuwa mzee amekula ngumi moja, mkwe angepakuliwaje mlima? Neema akapewa ngumi moja, na samaki sato, na mboga ya mgagani ya kutosha. Kwa kuwa mzee hatii sukari, kopo likafungwa. Karanga chache za saa nne na maziwa mgando ya saa kumi vilimfikia pia, maana Nyasatu hapendi kuandaa mara mbili.

Lilibaki suala la kutembea. Ghafla nikawa mtu mwenye barua nyingi. Kila baada ya chakula nilikuwa na bahasha ya kupelekwa Kitaji, au kanisani, au kwa mwalimu mwenzangu mstaafu aliye karibu na soko, na aliyetumwa ni Neema, Nyasatu akimsindikiza. Ndani mlikuwa na salamu tu. Yule mstaafu alinijibu mara mbili, mara ya tatu akaniandikia kuuliza kama nina ugomvi naye. Nyasatu alikuwa akirudi akihema: "Huyu kaka ugonjwa umempanda mpaka kichwani."

Habari zikafika Butiama. Wazee wawili wa ukoo wakaja kunitazama, na mmoja akaniuliza kwa upole kama nimeshachagua nizikwe upande gani wako. Nilimjibu kwamba nataka upande wa kushoto. Hilo halikuwa uongo.

Wiki ya pili ilipoisha, nilisimama tena kliniki nikiutazama ukuta. "Mwalimu, geuka," akasema muuguzi. Nikageuka. Rangi ilikuwa imesimama kwenye kijani, na damu ya asubuhi ilikuwa imeshuka. Wiki zilizofuata tuliona bluu tupu. Sindano hazikuhitajika.

Siku ya kujifungua nilisubiri nje ya wodi tangu asubuhi. Mlango ulipofungwa sikusikia kitu, na nilikitambua kimya kile. Ni kile kile cha Bunda. Sijui kilichukua muda gani. Kisha mtoto akalia, akalia kwa hasira, kama mtu aliyeonewa, nami nikavua kofia bila kujua ninamvulia nani. Ni msichana. Mabega yake ni ya mtoto.

Sasa, kuhusu kikombe hiki. Nyasatu amekileta muda mfupi uliopita, na ujumbe juu yake: "Neema anasema, mwambieni Baba kwamba amepona." Chai hii ina sukari, vijiko vitatu, kama nilivyokuwa nikinywa zamani. Kumbe mkwe wako alijua tangu siku ya kwanza, akala na kutembea bila kutoboa siri yangu. Nyasatu alinitazama, akatazama kikombe, kisha cheko likamjia polepole hadi akashika nguzo. "Kumbe kaka ulikuwaga unatudanganya!" Sikumsahihisha.

Nimeionja mara moja. Nilikuwa nimesahau utamu wake. Lakini muuguzi amesema Neema apimwe tena wiki ya sita, na baada ya hapo kila mwaka, kwa sababu ugonjwa uliowahi kupiga hodi unaijua njia. Kwa hiyo nitaimwaga bustanini bila wao kuona, na kopo litabaki limefungwa. Mara ya kwanza niliacha sukari ili wewe uipate. Mara hii nimeiacha ili mwingine asiipate. Nia yangu ilikuwa ile ile mara zote mbili. Naomba uniamini.

Nakuahidi nitamfikisha kliniki siku hiyo, nikitangulia hatua kumi. Nakuahidi kwamba Nyasatu ataanza na irabu Jumatatu, apende asipende. Na Magesa akija mwisho wa mwezi, nitamweleza kwamba ule mwaka tuliompeleka kwa bibi yake tukasema unaumwa, alikuwa amepata mdogo wake mwenye mabega mapana. Ana haki ya kujua.

Pumzika, Mama Magesa. Upande wako wa kushoto uwe wazi. Nitachelewa kidogo, nina kazi.

Mumeo,
Mwalimu