Daftari la Jumatatu

3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mama hajambo, goti linamsumbua asubuhi tu. Mimi ni mzima, na kuanzia leo nina wasaa mwingi, kama unavyojua.

Ijumaa, mbele ya mafundi wote, nilitoa taarifa yangu: mawimbi ya dijitali mliyoyapachika kandokando ya mawimbi yetu ya zamani yanapenya kwenye redio za kawaida na kuzitia mkwaruzo. Hukujibu hoja. Ulisema, "Masikio ya kaka yangu yamechakaa kuliko mtambo." Wakacheka. Leo nimepokea barua ya kustaafishwa, yenye sahihi yako. Mkono huo niliufundisha mimi kushika chuma cha kulehemu.

Hoja tungebishana ikaisha. Kile kicheko utakilipa.

Kaka yako

20 Februari

Shikamoo kaka,

Natumaini hamjambo nyote. Mpe Mama pole ya goti. Huku kwangu tu wazima.

Ulistahili kupumzika, usinune. Nguvu ya dijitali ni asilimia moja ya ile ya zamani, ndivyo kibali chetu kinavyosema. Hicho ni kijiko cha maji kwenye ndoo. Redio inayokwaruza ni mbovu, au imewekwa vibaya. Namtumia Mama redio mpya ya dijitali. Isikilizeni, kisha uniambie. Na mambo ya kazini tusiyalete nyumbani.

Mdogo wako

14 Aprili

Mdogo wangu,

Hatujambo. Redio yako ilifika. Mama hataki kuachana na ile yake ya mbao. Hiyo mpya ameiweka izuie mlango usijifunge, na kazi hiyo inaiweza.

Nina daftari. Kila Jumatatu saa nne asubuhi, redio ileile, meza ileile, antena ikielekea dirisha lilelile, usafi wa sauti unapewa alama kati ya moja na kumi. Februari nzima ni sita. Machi 10 ni tisa: wiki ile mtambo wenu wa dijitali uliharibika, nanyi hamkutangaza. Tangu Machi 17 ni tatu. Mtambo ulipopona mliuongezea nguvu kupita kibali, mdogo wangu. Kijiko kimekuwa kata.

Nakala iko mezani kwa mamlaka ya utangazaji. Wataketi kusikiliza shauri tarehe 7 Mei.

Kaka yako

22 Aprili

Shikamoo kaka,

Heshima yako, na ya Mama. Mimi silali vizuri.

Ni kweli, nguvu imeongezwa mara nne. Mkurugenzi alitaka dijitali ifike mbali, lakini sahihi ni yangu peke yangu. Wakilipokea daftari lako nimekwisha. Liondoe. Nitakurudisha uwe mshauri, ofisi yako ileile ya pembeni. Undugu ni kufaana.

Mdogo wako

25 Aprili

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Undugu ulikuwa wa kufaana Januari pia.

Ofisi sitaki. Ijumaa ijayo, mkutano uleule, simama useme: "Kaka yangu alisema kweli, nami nikamcheka." Maneno sita. Fundi wa zamu atanieleza. Ukiyasema, daftari nalirudisha kabatini.

Kaka yako

3 Mei

Kaka,

Nilisimama. Nikasoma ratiba ya matengenezo, nikaketi. Ungetaka niwaongoze vipi kesho yake?

Basi tukutane tarehe 7. Nimeiomba mamlaka ikupime masikio kabla ya kulipokea daftari. Wamekubali, daktari atakuwepo. Usiseme sikukuonya.

Mdogo wako

9 Mei

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Goti limetulia.

Uliondoka mapema mno juzi. Daktari aliposoma majibu ulikwisha kushika mkoba. Alisema kweli: sauti nyembamba sizisikii tena. Birika likipiga mluzi mimi huona mvuke tu. Ulilosema Januari lilikuwa sahihi, na nililijua kabla yako.

Mwenyekiti wa shauri alikuwa anafunga faili. Nikamwomba alipitie daftari upya: hakuna ukurasa nilioandika "nilisikia". Hata katika barua zangu kwako hakuna, zitazame. Anayesikia ni Mama. Kila Jumatatu yeye hutoa alama, mimi huandika.

Wakamwita kutoka kwenye benchi la nje, ambako ulimpita bila kumwamkia. Wakampima. Kila mluzi wa daktari aliuinulia mkono, hata ule wa mwisho, ambao karani mwenyewe hakuusikia. Mwenyekiti akamuuliza kama anamfahamu mhandisi anayehusika.

"Namfahamu," akasema. "Nilimzaa. Na redio yangu inakaanga tangu Machi."

Jana wapimaji walikuja mtamboni, wakakuta mara nne. Dijitali imezimwa. Barua yako ya kusimamishwa kazi iko njiani. Mimi yangu niliipata Jumatatu, sijui kwako watachagua siku gani.

Ameniambia nikuandikie uje Jumapili, na ulete betri za redio. Usidhani nakualika mimi. Yeye husema, mimi huandika.

Kaka yako