Kiganja cha Derrick

Sella uko? Wacha hizo mandazi kidogo usome hii.

Nimetoka tu kwa semina ya walimu wa nasari hapa Ayany.

Huyo trainer ametuwekea kwa skrini chati za kufundishia, za bure, eti mwalimu yeyote azitoe kwa mtandao aprinti. Kufungua ya kwanza, ni kuku wetu. KUKU WETU, Sella! Yule ulichora mwaka wa ninety-seven nyuma ya kalenda, tukifundisha ile nasari ya kanisa Sarang'ombe. Jicho moja, miguu mirefu kama ya mbuni.

Na pale kwa kona, alama ya kiganja cha mtoto wako Derrick. Si unakumbuka aligusa rangi ikiwa mbichi tukamfokea? Hiyo ndiyo nembo ya shirika lao sasa. Iko hadi kwa tisheti.

Na unakumbuka yule madam wa shirika aliyezibeba chati zetu mwaka huo? "Natoa kopi tu, Ijumaa narudisha." Ijumaa!

Nikasimama nikasema hizi tulichora sisi, mimi na Sella. Trainer akacheka. "Mwalimu Filister, kila mwalimu akiziona anahisi ni zake. Huo ndio uzuri wake." Watu wakapiga makofi. Makofi, Sella!

Halafu akaniita mbele, eti niweke mkono wangu juu ya kile kiganja, nipigwe picha ya tovuti yao.

Kiganja cha Derrick.

Nikaweka. Akaniambia nicheke.

Nikacheka.