Dokta wa Mama Kapinga

Mama,

Jana walimu wa chuo kikuu cha Kasapa walikubali kazi yangu. Sasa naitwa dokta kweli, na nyumbani hakuna mtu wa kumwambia. Nilipika bukari, nikala kidogo, nikaacha. Ndiyo maana nakuandikia.

Wewe ulianza kuniita dokta zamani, siku ileile niliyoanza masomo haya. Sokoni, kanisani, kwa majirani wote wa Makomeno: "Mutoto yangu iko dokta." Nilikueleza mara nyingi kwamba mimi si dokta wa kuponya watu. Nasoma jinsi Wazungu walivyowagawa watu wa mji huu, huyu mwenyeji, huyu mgeni, na kwa nini sisi tumeushika mgawanyo ule hata baada ya wao kuondoka. Ulinisikiliza huku ukichagua maharagwe, kisha ukasema: "Sawa. Na hii kichwa inaniuma, utanipa dawa gani?" Tulicheka sana. Mpaka leo sijui kama ulikuwa unanitania.

Kisha mambo yakaharibika. Watu wenye asili ya Kasai, kama wewe, waliambiwa warudi kwao. Vijana walipita barabarani wakiimba, wakituita bilulu, yaani wadudu. Baba, aliyehesabiwa mwenyeji, alikuwa ameshakufa, na aliyekuja mlangoni kwetu alikuwa baba mudogo, ndugu yake mwenyewe. "Béa, weye uko mutoto wetu, utabakia. Mama yako arudie kwabo."

Kwenu wapi, mama? Ulizaliwa hapahapa. Kasai uliijua kwa hadithi za babu tu. Nilitaka kumjibu vibaya, ukanishika mkono. "Wacha. Usimutukane ndugu ya baba yako." Ukaanza kukunja vitenge vyako. Nami nikafunga nguo zangu. Hukuniomba nikufuate, wala sikukuuliza.

Stesheni ilijaa watu na treni haikuja. Mvua ilinyesha, tukajibana chini ya turubai na familia tusizozijua. Hata pale hukuacha kuniita dokta. Asubuhi moja mwanamke alinijia na binti yake mchanga, akamweka mapajani mwangu. "Mama Kapinga anasema uko dokta." Nilikutazama. Ukageuza uso, ukajifanya unatafuta kitu kwenye mzigo.

Mtoto alikuwa anawaka moto. Mimi niliyesoma vitabu vizima juu ya watu waliodharauliwa sikujua hata nianzie wapi. Nikalowesha kitambaa, nikamkanda. Halafu nikambeba mpaka kwa masista waliokuwa wakigawa dawa upande wa pili wa reli, tukapanga mstari, wakamtibu. Homa ilipoisha, mama yake alikuja kukushukuru wewe, si mimi. Ukajivuna! "Si nilisema?"

Ukaugua wewe. Kutapika, kuhara, macho yakaingia ndani. Nilikimbia kwa masista, nikakuta dawa zimekwisha.

"Béa, nipe dawa."

Safari ile hukucheka. Nilikupa maji, ukayatapika. Nikakupa tena. Ulikata roho mchana, mikononi mwangu, watu wakitupita na masufuria yao, na mimi nikiendelea kukusemesha.

Baba mudogo alikuja kukuzika. Alilia, mama. Alilia kwa sauti, akashika msalaba, akasema, "Haikukuwa mimi, ni ile wakati." Umelala katika udongo wa mji huu, ingawa wao walitaka uondoke. Treni ilipokuja, niliwasindikiza wale tuliokaa nao chini ya turubai. Mimi sikupanda. Ningekuachaje peke yako?

Nyumba yetu wanakaa watu wengine. Nina chumba kidogo karibu na Kasapa. Mwalimu aliyekuwa akiniongoza, naye mtu wa Kasai, aliondoka na treni ileile, na kwa muda mrefu sikuweza kufungua kitabu. Kila sentensi juu ya mwenyeji na mgeni ilinirudisha chini ya turubai. Mwisho niliandika sura nzima juu ya stesheni. Jana mwalimu mmoja aliniambia, kwa Kifaransa chake kizuri, kwamba sura ile si sayansi, ni kilio, niiondoe. Nikamwambia aliyekufa mle ni mama yangu. Akafunga karatasi zake. Sura imebaki.

Watu wanasema mambo yametulia. Sijui. Baba mudogo anataka nihamie kwake, ati jina la ukoo wao litanilinda yakianza tena. Ni kweli, litanilinda. Nimemwambia asante, nitabaki chumbani kwangu.

Lala, mama. Jumapili nitakuja kupalilia. Na wakipita tena wakiuliza mimi ni mtu wa wapi, nitataja jina lako kwanza, kabla ya jina la baba.

Mtoto wako,
Béa