Dirisha Ulilokuwa Ukilipa Mgongo

Baba Zuhura,

Una makosa, wewe. Miaka yote ya ndoa hukuweza kunishika mkono ukaniambia, "Mama Zuhura, hili ukilifanya utaua mtu"? Ulijua kunichekea tu. Sasa umelala huko kimya, na mimi huku nimeponea chupuchupu kumzika mjukuu wako.

Usishtuke. Rukia mzima. Nisikilize.

Nyumba yetu ya hapa Xintang, China, unaijua. Guangzhou ikipoa sakafu inatoa jasho, blanketi unajifunika kama limetolewa kisimani. Mwanetu Zuhura anashinda karakana za jinzi, mimi naachiwa mtoto wake na lile jiko lako la chuma ulilonunua kwa mzee wa kaskazini, la kulishwa punje za mahindi badala ya mkaa. Siku ya kwanza nilikwambia hiyo ni laana. Mahindi ni ugali! Mama yangu aliokota punje moja moja uani, wewe unazimimina motoni kwa kopo. Ukasema, "Haya ni ya kuku, Mama Zuhura." Nikakwambia kuku naye anakula.

Ulipokufa nikafanya kwa akili yangu. Nikatwaa ungo, nikachambua gunia zima. Makavu mazuri nikaweka ya unga. Yenye unyevu na ukungu ndiyo nikalisha jiko. Moto ukawa unanuna, bomba la moshi likajaa masizi. Na dirisha... lile uliloliacha wazi upana wa kiganja, ukakaa umelipa mgongo, unakohoa, nami nakugombeza kwamba unatuingizia baridi. Baada ya arobaini yako nililifunga. Ufa nikauziba kwa kanga.

Jumanne baada ya adhuhuri Rukia alilala. Namwita ale, haamki. Nataka kusimama, miguu sina. Aliyetuokoa ni mwenye nyumba, yule mama wa Kichina uliyekuwa ukimkimbia. Alikuja kunifokea kwa masizi yaliyodondokea nguo zake alizoanika. Akasukuma mlango, akatuona, akamkwapua mtoto mpaka uchochoroni, akarudi kunikokota mimi. Alipiga makelele, Baba Zuhura! Sijawahi kuyapenda makelele yake namna ile. Hospitali daktari akasema ni hewa ya sumu ya jiko, haionekani wala hainuki.

Zuhura ameapa jiko litakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Hilo si kitu. Lakini alisema, "Baba alituletea kifo ndani ya nyumba." Na mimi nikanyamaza. Siku tatu nimenyamaza, nimekubebesha wewe usiyeweza kujitetea. Sasa anakwenda na Rukia karakanani, kwenye vumbi la vitambaa, kwa kuliogopa jiko. Akijua ni mimi, je? Ataniachia tena mtoto? Yule ndiye pekee anayenishika mkono asubuhi akauliza, "Bibi, umeamka?"

Leo nimekaa kwenye kiti chako. Upepo ukanipiga kisogoni, maana kanga nimeitoa. Ndipo nikaelewa ulikaa pale kwa nini, hata na kikohozi chako chote. Ulikuwa unalilinda dirisha nisilifunge. Si ungesema, mwanamume wewe! Labda ulisema. Lini nimekuacha umalize neno?

Haya. Zuhura akirudi alasiri namwambia yote: ungo, kanga, dirisha. Akitaka nirudi Tanga, nitafunga mizigo bila kelele. Lakini jina lako halitachafuka ndani ya nyumba uliyoipasha joto. Hilo nakuahidi, na mimi unanijua nikisema.

Lala, mume wangu. Usikohoe tena. Na Zuhura nitamwamuru, hata kama ananifukuza: jiko lisiuzwe, ila lisiwashwe mpaka fundi azibue bomba. Mahindi makavu yote, hata niliyoyaficha ya ugali, yaende motoni. Kwenye kiti cha baba yake akae mtu mzima, mgongo dirishani. Na dirisha lile asilifunge mtu.