Njia ya Mama Mkwe

Nyasubi, Kahama
19 Agosti, 1979

Mpendwa Dada Epifania,

Shikamoo. Barua hii ikikukuta umetoka kuanika mihogo, kaa kwanza unywe maji, maana ni ndefu na si ya furaha. Shemeji na watoto hawajambo? Kikohozi cha Kamili kimeisha? Huku tunapumua. Wifi yako Anisia amekuwa mzito, mkunga anasema mwezi huu hauishi, naye jioni hukaa mlangoni akitazama barabara ya huko kwenu Ushirombo.

Uliniuliza kwa nini mama yake hataki kuja kumpokea mjukuu wake wa kwanza, ilhali wewe unamwona kanisani akitembea vizuri. Niliisoma barua yako, nikaificha chini ya godoro. Leo nakujibu.

Nyumba zetu unazijua kwa sifa tu. Kikundi chetu tulizijenga kwa kusaidiana, kwa matofali ya udongo wa hapahapa, kuta nene zinazotunza ubaridi mchana. Milango yote inatazama uwanja mmoja, na katikati kuna tangi la maji ya mvua kutoka kwenye mabati yetu sote. Kina mama hupika na kulea pamoja hapo. Fundi mkuu nilikuwa mimi, na kichwa kilinivimba. Mabwana wa mkoa walikuja wakanipa mkono, wakasema miji yote ingejengwa hivi. Dada, nilitembea Kahama nzima kama jogoo.

Choo nilijenga kimoja, uwanjani, cha wote. Kikaoni Bi Zuleha, jirani yetu anayekaanga maandazi, aliomba kwa niaba ya wanawake kijengwe cha pili nyuma ya nyumba, chenye kinjia chake, kwa sababu kila mmoja hapo ana mkwe. Nilimjibu kwamba mkwe anakuja Nyasubi kusalimia, haji kukagua vyoo. Wanaume walicheka sana. Bi Zuleha alisema tu kwamba mkwe wangu naye ana miguu, atafika.

Akafika mwezi wa tatu, kumsaidia Anisia aliyekuwa akitapika. Unajua tulivyolelewa: mtu na mama mkwe wake hawapishani mlangoni, sembuse kuingia choo kimoja. Mama wa watu akaacha kunywa maji. Kikombe cha chai kilirudi kimejaa. Anisia alinieleza kwamba mama yake anajizuia mchana kutwa, na kabla hakujapambazuka anakwenda porini, ng'ambo ya shimo tulikochimba udongo wa matofali. Nilisema atazoea, huku ni mjini.

Mvua ikanyesha. Asubuhi moja wachunga ng'ombe walimkuta ndani ya shimo hilo, mguu umevunjika, kanga imelowa tope. Alikaa humo tangu alfajiri bila kuita, maana angeita ningetoka mimi.

Sasa, dada, jambo lenyewe. Huko nyote mnajua aliteleza kisimani. Baba mkwe alipofika hospitali akauliza, ni mama aliyesema hivyo, ili mume wa binti yake asiaibike. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya mlango. Baba mkwe akatoka akaniuliza, nami nikasema ndiyo, ni kisimani, utelezi ulikuwa mkali. Mama wa watu analala na maumivu, bado ananisitiri, na mimi nikamwachia. Anisia anajua kila kitu na hajanikaripia hata siku moja. Naona haya kumtazama.

Shimo nimelifukia. Choo cha pili nimekichimba kwa mikono yangu, na nimemwomba Bi Zuleha radhi mbele ya wanaume walewale. Yeye ndiye aliyechagua kinjia kipite wapi: kinaanzia kwenye chumba cha mama, kinazunguka nyuma, na tumepanda ua wa minyaa kukisitiri.

Mimi siwezi kumkabili mama kumwambia haya. Nenda wewe, dada. Mweleze kwanza baba mkwe kwamba nilimdanganya, ndipo umwombe mama aje. Asije kwa ajili yangu. Nitalala kwa rafiki yangu Maganga hadi mtoto azaliwe, na nisipoitwa sitakanyaga uwanjani.

Nisalimie wote. Wakizisifu nyumba zangu, usiitikie.

Ni mimi mdogo wako,
Selestine