Yule Mwanamke wa Karakanani

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na watoto hawajambo. Sisi huku miili ni mizima. Moyo ndio ulioniaibisha, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Unanijua, mimi hata kivuli changu nakiuliza kimetoka wapi. Basi mwezi huu shemeji yako alibadilika. Anarudi kutoka karakana ya kujalidi vitabu macho mekundu, chakula anakichezea, halafu anaguna kwamba maskini, yule mama hana amani. Nikamuuliza mama gani. Akasema wa kazini tu. Wa kazini tu! Nikapekua mifuko ya koti lake, nikaambulia uzi na sindano.

Jumanne nikamfuata, nikakuta ametoka kununua gundi. Mwenzake, bibi mmoja mcheshi, alicheka mpaka akashika meza. Akaniambia mke mwenzangu ndiye huyo hapo mezani: kitabu kikuukuu cha maktaba, nakala pekee, kimefumuliwa kishonwe upya, fungu la kurasa baada ya fungu. Na mume wangu ana mwiko wake, hasomi fungu kabla hajalishona. Lilikuwa limebaki moja.

Mtu mzima alilie mtu wa kwenye karatasi? Sikuamini ng'o. Bibi alipogeuka nikalitia lile fungu mkobani, nikaenda kulisoma jikoni kwangu.

Dada, yule mwanamke anapekua mifuko ya mumewe. Ananusa mashati. Nilianza kwa kumcheka, nikaishia kumlilia, maana hana ubaya, anaogopa tu kuachwa. Na ukurasa wa mwisho mumewe anafunga mlango taratibu, harudi tena.

Sasa bosi amempa shemeji yako hadi Ijumaa: fungu lipatikane au kazi hana. Jana alitafuta hadi chini ya makabati, akarudi magoti yana vumbi, nami nikampa pole. Ninalo mimi, Dada. Limo kwenye kapu la nguo chafu. Nililificha nikiogopa yule mume wa kitabuni asije akamwonyesha mlango wa kuniacha.

Kesho nampelekea mwenyewe na kukiri kila kitu. Ila nitaomba kiti nikae karibu, ashone, kisha asome. Nataka kumtazama usoni akifika kwenye ule mlango, nijue kama bado anamhurumia.

Nisalimie nyumba nzima. Ukimaliza kusoma barua hii ichane, na vipande uvihesabu.

Mdogo wako,
yule mliyemwita Mpelelezi